Mwaka Tuliotafuta Kiti Mwendo

Nisikilize taratibu, maana mimi mwenyewe nilielewa taratibu, na kuna vipande ambavyo mpaka leo sijavielewa. Ukiona nimerudi nyuma kueleza kitu, usichoke. Ni tabia yangu. Nauza ndoo na mabeseni Kariakoo, na mteja akiniuliza tofauti ya ndoo mbili, simwachi aondoke mpaka ameijua.

Mwaka ninaousimulia ndio niliokuwa mwenyekiti wa klabu yetu ya huduma. Tuko watu ishirini na ushei, wafanyabiashara na wakazi wa mitaa ya Kariakoo na Gerezani. Mwaka wetu unaanza Julai. Niliuliza kwa nini Julai. Mmoja akasema tunafuata mwaka wa serikali, mwingine akasema mwanzilishi alizaliwa Julai, wa tatu akasema ni kwa sababu mvua zinakuwa zimekwisha. Nikaandika Julai, nikaacha.

Hata kuchaguliwa kwangu sikukuelewa. Nilikuja mkutanoni kuleta ndoo nilizoahidi kwa ajili ya kuzibua mtaro, nikachelewa, nikakaa mbele kwa kuwa nyuma palikuwa pamejaa. Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi, kwa adabu. Kumbe nilikuwa najipigia mwenyewe.

Basi nikaanza kuuliza klabu inafanya nini hasa. Wengine walisema tunasafisha mitaro. Wengine walisema tunasaidia kwenye misiba. Katibu wetu, mzee mstaafu wa shirika la reli, mtu wa kuhesabu dakika, alisema tunafanya vikao. Aliyenijibu vizuri kuliko wote ni nesi mstaafu, bibi mmoja mwembamba aliyetunza ufunguo wa stoo. Alisema, "Mwanangu, sisi tunastiri watu."

Stoo ilikuwa chumba nyuma ya duka langu. Mlikuwa na turubai, viti vya plastiki, sufuria tatu kubwa za pilau, machela, magongo, na kiti mwendo kimoja cha bluu tulichopewa na familia iliyofiwa na baba yao. Mtu akiwa na shida anakuja, anachukua anachohitaji, anarudisha. Hakuna malipo.

"Tunaandika wapi?" nilimwuliza nesi siku ya makabidhiano.

"Hatuandiki."

"Sasa tutajuaje nani amechukua nini?"

"Utajua kitakaporudi."

"Na kisiporudi?"

Aliniangalia kama anayepima homa. "Mtu anayekuja kuomba machela amekwisha kujivua nguo mbele yako. Ukichukua kalamu, unamwambia na ageuke."

Hapo nieleze kidogo, kwa sababu mimi nimetoka Masasi na sikukulia katika nyumba za pwani. Kwa wenyeji wa mitaa hii, kuficha shida ya mwenzako ni heshima kubwa unayoweza kumpa. Wanaita sitara. Ukijua jirani anaumwa na yeye hajasema, hujui. Mimi nilidhani nimeelewa. Nilielewa maneno tu.

Julai na Agosti zilikwenda na mtaro. Tulizibua, ukaziba, tukazibua tena, na mfuko wa klabu wote ukaishia humo. Oktoba ndipo kazi yangu ya kweli ilipoanza, na ilianza na fundi.

Fundi alikuwa mwanamke wa Lindi, wa umri wangu, mshonaji wa sare za shule. Kwa miaka mingi alikaa na cherehani yake kwenye baraza ya duka moja la vitenge, mitaa mitano kutoka chumba alichopanga Gerezani. Mwaka ule kisukari kilimla mguu wa kulia, ukakatwa chini ya goti. Alipotoka hospitali nilimpelekea ndizi, nikamkuta amekaa kitandani anapindua pindo la pazia la jirani.

"Shoga," akaniambia, "cherehani ya mguu mmoja naiweza. Nimeshajaribu. Kinachonishinda ni kufika."

"Magongo tunayo."

"Magongo yameniangusha mara mbili. Mara ya pili bega lilitoka. Bega likienda, mimi si fundi tena."

"Bajaji?"

"Bajaji itanifikisha kwenye kona. Haya, nimefika. Saa nne nikibanwa je? Choo kiko nyuma ya jengo. Bajaji iningoje mlangoni?"

Alitaka kiti mwendo, na alikitaka kwa tarehe. Mwenye duka la vitenge hakuwa mtu mbaya. Alimwambia atamshikia baraza mpaka Jumatatu ya kwanza ya Desemba, wakati wazazi wanapoanza kuleta oda za sare. Zaidi ya hapo angempa muuza makava ya simu aliyekuwa anakuja kila siku kuipima baraza kwa macho. Na fundi akikosa baraza, kaka yake alikuwa ameshasema atakuja kumchukua ampeleke Lindi.

"Lindi si kwenu?" nikamwuliza. "Utapumzika."

"Nitakaa mlangoni naangalia kuku. Kuku hawashonewi sare, dada yangu."

Nikaenda stoo. Kiti mwendo hakikuwepo. Nesi naye alisema hakipo, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

"Kiko wapi?"

"Kiko kwa watu."

"Watu gani?"

Hapo akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nikaamua kutuma ujumbe kwenye kundi letu la simu. Nesi akaniomba nisitaje kitu chenyewe, ili asiyekirudisha asiaibike. Nikaandika hivi: *Ndugu wanachama, aliyenacho kile kitu cha klabu tafadhali akirudishe, kuna mtu anakihitaji sana.* Nilijiona nimeandika kwa busara.

Asubuhi yake nilishindwa kufungua duka. Mlangoni palikuwa na sufuria mbili za pilau, koleo, machela, turubai iliyokunjwa vibaya, viti kumi na vitatu vya plastiki ambavyo vinne havikuwa vyetu, na mtungi wa gesi ambao mpaka leo hakuna aliyesema ni wake. Kila mtu alidhani ujumbe ule umeandikwa kwa ajili yake. Mwanachama mmoja alinivuta pembeni akiwa amenuna. "Mwenyekiti, ungenipigia tu. Sufuria moja ndio unitangaze kwa watu wote?"

Kiti mwendo hakikuja.

Katibu ndiye aliyejitolea kunisindikiza kukitafuta. Alikuwa mrefu, mkimya, kofia yake haijawahi kukaa upande. Mkewe, ambaye sote tulimwita bi mkubwa, alikuwa mwimbaji wa harusi. Hakukuwa na harusi ya maana huku kwetu bila sauti yake. Tangu Agosti alikuwa Tanga kwa binti yake, kwa hiyo mzee alikuwa peke yake na alikuwa na muda. Mimi nilifurahi kupata mtu wa mpangilio.

Nesi alitupa pa kuanzia. "Nendeni kwa muuza viatu Mchikichini. Mama yake alikitumia Julai. Amepona, anatembea, kwa hiyo hakuna tena cha kuficha."

Jumamosi ya kwanza tukamkuta muuza viatu katikati ya mitumba yake. Katibu alisema atasimama nje kidogo, simu yake inaita.

"Kiti tulirudisha," muuza viatu akasema.

"Kwa nani?"

"Si tulirudisha?" Akaangalia viatu kana kwamba vitamjibia. "Jirani wa mama alianguka, nikampa. Si ndio kurudisha? Klabu si ya watu?"

Nilitaka kumweleza tofauti. Nikafungua mdomo, nikagundua sina maelezo. Klabu ni ya watu kweli.

Jumamosi ya pili tulikwenda kwa huyo jirani. Binti wa nyumba alinipokea vizuri, akanipa maji, akasema pale hakuna aliyeanguka.

"Baba hajambo?"

"Baba ni mzima kabisa."

Nyuma ya pazia sauti ikauliza, "Nani huyo?"

"Hakuna mtu, baba!"

"Mwambie kama ni wa kile kiti, kilikwenda Magomeni!"

Binti akaniangalia. Mimi nikaangalia glasi yangu. Tulikaa hivyo mpaka maji yakaisha, kisha akasema, kama jambo jipya kabisa, kwamba huenda kiti kilikwenda Magomeni kwa mkwe wa dada yake. Nikamshukuru. Nilipotoka nilimkuta katibu kwenye kivuli cha duka, simu sikioni. Nikamwambia Magomeni. Akasema, "Sawa," akatazama saa.

Nataka uone nilivyokuwa. Novemba ilikuwa katikati. Kila nyumba niliyoingia ilinipa maji na uongo, vyote kwa mkono wa kulia, kwa adabu. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyefanya ubaya wowote. Kila mmoja alimpa kiti mwenye shida zaidi yake, kisha akaifunga siri ya aliyempa. Hivyo kiti chetu kilikuwa kimepotea ndani ya wema, na mimi sikujua mtu anatafutaje humo.

Jumamosi ya tatu, Magomeni, nilikuta mama anapika chapati nje ya nyumba ya Kiswahili yenye milango miwili. Katibu alibaki mbali, kwenye kibanda cha vocha.

"Nyinyi watu mna matatizo," mama wa chapati akasema hata kabla sijamaliza salamu. "Kiti mlishachukua."

"Sisi?"

"Klabu. Mama mkwe aliposimama, nikapiga namba niliyopewa, akaja mzee kukichukua. Mwisho wa mwezi wa nane."

"Mzee gani, dada?"

Akageuza chapati, akaelekeza mwiko barabarani. "Si yule pale kwenye vocha? Mwambie asogee, chapati hazing'ati."

Nilimtazama katibu. Alikuwa ametupa mgongo. Wiki tatu alikuwa amezunguka na mimi kutafuta kitu alichokichukua yeye.

Alinisubiri, tukaanza kurudi.

"Amesemaje?"

"Amesema kilikwisha kuondoka."

"Kwenda kwa nani?"

"Hakumbuki."

Sikupanga kusema hivyo. Maneno yalitoka yenyewe, na nilipoyasikia nilijua kwamba na mimi sasa nimekuwa kama wale wa nyumba zote tatu. Sikujua hata ninamficha nani na nini. Kichwani nilikuwa na mawazo mabaya. Amekiuza? Amekiazimisha kwa malipo? Lakini mtu yule alikuwa akirudisha hata kalamu ya mkutano.

Sikuweza kungoja. Nilikwenda moja kwa moja kwa nesi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umejua, eti?"

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Tangu Agosti."

"Bibi! Umeniacha nizunguke Jumamosi tatu?"

"Nilitumaini mtakutana na kingine huko njiani. Mjini hapa kuna vitu vingi." Akanisogezea kigoda. "Siri yenyewe si yangu, kwa hiyo usiniulize. Nakwambia moja tu: aliyeko ndani hataki kuonekana."

Nilikaa pale nikiwaza polepole. Aliyeko ndani. Mzee anaishi na nani? Na mkewe. Mkewe yuko wapi? Tanga. Nani amemwona akisafiri?

"Hayupo Tanga," nikasema.

"Mimi sijasema kitu," nesi akajibu, akaanza kuchambua mchele.

Sasa nikuulize wewe, ungefanya nini? Nikimwendea mzee nimwambie najua, namvua nguo yeye na mkewe. Nikinyamaza, Jumatatu baraza inakwenda, fundi anakwenda Lindi. Siku zilizobaki nilifungua duka na kulifunga bila kujua nimeuza nini. Ijumaa jioni nikaenda kwa fundi kumwambia nimeshindwa. Nilipanga sentensi nzuri njiani, nzima, za kumtia moyo. Nilipofika ikatoka hii:

"Kipo, lakini hakiombeki."

Fundi akaweka uzi chini. "Kina mtu?"

"Kina mtu."

"Mwanamke?"

Nikauokota ule uzi, nikaanza kuuzungusha kidoleni.

"Usiseme. Ngoja." Alifumba macho kama anayehesabu pishi. "Mwanamke wa huku, ambaye kama angekuwa mzima tungekuwa tumemsikia. Harusi tatu zimepita bila yeye." Akafumbua macho. "Nilimshonea nguo zote alizoimbia, shoga. Miaka kumi na tano. Tanga gani hiyo isiyo na simu?"

"Fundi, tafadhali."

"Kesho unipeleke."

"Nikupeleke ukaseme nini?"

"Sitasema kitu. Nitakwenda kupima. Fundi akija na tepu shingoni, nani anamwuliza anaingia chumbani kufanya nini?"

"Utafikaje? Njia ya kule bajaji haipiti, wameshusha kokoto."

Huyu ni mtu aliyekuwa amekataa kubebwa mgongoni na wapagazi wawili waliojitolea, akasema yeye si gunia la mpunga. Akaangalia mguu wake, akasema, "Tafuta guta."

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi fundi alipanda guta, ile baiskeli ya magurudumu matatu inayobeba marobota ya vitenge. Tulimtandikia gunia jipya na mto. Alivaa gauni lake zuri la kijani, tepu shingoni, mkasi mapajani. Wapagazi wa mtaa mzima walisimama kuangalia.

"Mzigo wa wapi huo?" mmoja akauliza.

"Wa China!" fundi akamjibu. "Ukiuangusha hauna warantii!"

"Mama, huu mzigo unaongea sana," mwenye guta akalalamika, akikanyaga.

"Kanyaga, baba, ukichoka tubadilishane. Nina mguu mmoja lakini ni mzima kuliko yako miwili."

Alicheka njia nzima. Lakini nilikuwa natembea kando ya guta, mkono wangu juu ya gunia karibu na mkono wake, na vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa mbao mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

Katibu alifungua mlango mwenyewe. Alituona, akaona guta, akaona tepu. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Hodi, mzee," fundi akasema kutoka juu ya guta. "Nimekuja kuchukua vipimo vya bi mkubwa."

"Bi mkubwa yuko Tanga."

"Najua. Nitampima hivyo hivyo."

Mwenye guta aliangalia tairi lake. Mimi nilikuwa natafuta kitu cha kueleza, maana ndiyo kazi yangu, na sikukipata. Kisha kutoka ndani ikaja sauti nzito, ya taratibu, maneno yanaburuzwa kama kiatu kilichofunguka kisigino.

"Mwache apite."

Mzee na mimi tulimshika fundi huku na huku, akaruka kwa mguu mmoja mpaka mlango wa chumba. Pazia likaanguka nyuma yake. Sikuona ndani. Niliona gurudumu tu, la bluu, chini ya pazia.

Tukakaa uani, mzee na mimi. Alinimiminia kahawa. Tukamaliza kikombe cha kwanza.

"Nilidhani tutapata kingine njiani," akasema kwenye kikombe cha pili.

"Ndiyo, mzee."

"Kila Jumamosi nilidhani hivyo."

"Ndiyo."

"Ni upande wa kushoto. Na mdomo." Aligusa shavu lake. "Alisema nisimwambie mtu mpaka mdomo urudi. Mwenyekiti, mimi ni nani nimkatalie? Mdomo ni wake."

Nikamwambia kahawa ni nzuri. Akasema ni ya jana.

Kutoka chumbani tulisikia minong'ono, muda mrefu. Kisha tukamsikia fundi akigomba, "Kaa wima, bi mkubwa, unanipa vipimo vya ndoo!" Kisha kitu kama kikohozi, ambacho mzee alikitambua kabla yangu. Aliinua kichwa haraka. Mkewe alikuwa anacheka.

Fundi alipotoka alikuwa amekaa kwenye kiti cha bluu, akijisukuma mwenyewe na kugonga mwimo wa mlango.

"Asubuhi mpaka saa nane ni changu," akatangaza. "Kuanzia saa nane ni chake, anataka kukaa uani apate hewa. Na anataka gauni la zambarau."

"Mmeongea nini?" nikamwuliza njiani.

"Kiuno kimepungua."

"Na nini kingine?"

"Mikono imebaki ile ile."

Mpaka leo sijapata zaidi ya hapo. Nimejaribu kwa miaka. Kila nikiuliza napewa kipimo.

Jumapili mzee alikuja dukani kwangu na karatasi aliyoipigia mistari kwa rula. Ilikuwa ratiba. Kuondoka nyumbani saa moja na dakika kumi. Kufika kwa fundi saa moja na dakika ishirini na mbili. Kufika barazani saa moja na dakika hamsini. Alikuwa ametenga dakika nne za kupishana na mikokoteni. Mtu aliyetumia maisha yake kupanga treni zipishane kwenye reli moja hakuona ajabu yoyote katika kiti kimoja na wanawake wawili. Ajabu niliiona mimi.

Jumatatu walifika dakika tatu kabla ya ratiba, na hilo lilimuudhi. Muuza makava alikuwa ameshatundika nusu ya mali yake. Mwenye duka alimwangalia fundi kwenye kiti, akamwangalia mzee mwenye kofia iliyonyooka nyuma yake, akamwambia muuza makava, "Tundua, kijana wangu. Nilisema Jumatatu, na Jumatatu yenyewe ndiyo hii imefika." Fundi alihamia kwenye kigoda chake, akaweka mguu wa kushoto kwenye kanyagio, akashona mstari mmoja mrefu kwenye kitambaa kitupu, akaukata, akaniangalia. Tayari kulikuwa na mzazi anauliza sketi za darasa la kwanza.

Ukidhani kuchanganyikiwa kwangu kuliishia hapo, bado. Kila asubuhi mtaa mzima ulimwona mzee akitoka kwake na kiti kitupu, na kila mchana ukamwona akikirudisha kwake. Kila mtu alijua maana yake. Na kila mtu aliendelea kumwuliza, "Bi mkubwa hajambo huko Tanga?" naye akajibu, "Hajambo, anawasalimu." Mwezi wa Ramadhani klabu ilipofuturisha watu, bi mkubwa alitutumia tambi kutoka Tanga. Zilifika zikiwa bado za moto. Watu walizila, wakasifu mapishi ya Tanga, hakuna aliyetabasamu. Nilimtazama nesi nipate ishara yoyote, akaniongezea tambi.

Nilidhani huo ni unafiki. Nilimwambia nesi hivyo, na hakukasirika, alisema tu kwamba bado nina haraka.

Mei, mvua zilipopungua, bi mkubwa alitoka. Ilikuwa alasiri, katika saa zake. Mzee alimsukuma mpaka mbele ya duka langu, gauni la zambarau, mtandio mwepesi, na mdomo bado umekwenda upande. Haukuwa umerudi. Alikuwa ameamua tu. Wauza duka walisimama mmoja mmoja, nami nikawa na hofu watasema nini, maana sasa uongo wote ulikuwa umekaa mbele yetu juani. Mwenye duka la vitenge ndiye aliyetangulia. Akainama kidogo.

"Pole na safari, bi mkubwa."

"Nimeshapoa," akajibu, taratibu sana.

Na wote waliofuata walisema hivyo hivyo. Pole na safari. Fundi, ambaye siku ile alikuwa amechelewa kurudi kwake na anangoja bajaji barazani, alipiga kelele kutoka ng'ambo, "Gauni limekaa vizuri mabegani! Mnaona kazi yangu?" Niliingia ndani kupanga ndoo ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mwezi uliofuata nilitakiwa kutoa ripoti ya mwaka. Nilishindwa kuandika tulichofanya. Mtaro ulikuwa umeziba tena. Kiti hatukukipata sisi, alikipata fundi, na hakikuwa kimepotea. Nilisimama mkutanoni nikapendekeza tuwe na daftari, ili mwaka mwingine mtu asikaribie kupelekwa Lindi kwa sababu ya heshima zetu. Nesi akapinga. Katibu akaunga mkono daftari, na watu wote wakageuka kumtazama, kwa sababu yeye ndiye daftari lingemuumbua. Tulibishana mpaka sauti zikakauka. Mwisho tukakubaliana tuandike kitu na siku ya kurudi, jina lisiandikwe, na kitu kirudi kwetu kwanza kabla ya kwenda kwa jirani. Nesi alisema anaweza kuishi na hilo. Sijui kama tulipata jibu au tulichoka tu. Sasa mwenyekiti ni mwingine na daftari linakaa kwangu, juu ya mabeseni makubwa.

Kwa hiyo siku ukihitaji kitu cha klabu, njoo asubuhi kabla ya saa mbili, pitia mlango wa nyuma, taja unachotaka na siku utakayokirudisha, uandike mwenyewe kwenye daftari, kisha uchukue uende.